Mmoja wenu anishikie mtoto



Juma lililopita tuliandika mistari mitatu tu, chini kabisa ya ukurasa, kwamba kamati yetu ya matembezi inatafuta wamama wanne zaidi wa kutembelea watoto wenye magonjwa mazito na ulemavu. Baada ya mkutano wa Jumamosi mama mmoja alitushika mkono akauliza mbele ya wote: "Sasa nyinyi si wanganga, si wauguzi, hamna hata dawa ya kichwa mfukoni. Mkifika kule mnafanya nini? Na mnalipwa feza ngapi?" Watu wakacheka. Sisi pia tulicheka, lakini swali ni zuri, na nafasi yetu ya juma hili tumeona tuitumie kulijibu.

Feza kwanza, maana jibu lake ni fupi. Hatulipwi. Anayejua maisha ya reko katika zoni za afya za nchi yetu anajua kwamba ni mtu wa kujitolea: anapewa fulana siku ya kampeni ya chanjo, pengine na kitu kidogo cha siku hizo, kisha anarudi kwenye meza yake ya makala au ya sambaza. Wawili kati yetu ni mareko waliofundishwa na kituo cha afya, wengine ni wamama wa chama tu. Chama kinatoa sabuni, madaftari, na nauli ya motari pale mtoto anapozidiwa. Kwenda na kurudi katika matembezi ya kawaida ni miguu yetu, na Bukavu ni vilima, hatuna haja ya kumweleza mtu.

Kazi yenyewe ndiyo inayohitaji maneno.

Katika komini ya Kadutu, juu kabisa, pale nyumba zinapobanana hadi mvua ya paa la jirani inamwagikia mlangoni kwako, kuna mvulana wa miaka 7 tunayemtembelea tangu alipokuwa na miaka 4. Jina lake na la mama yake tunaliacha. Alizaliwa kwa shida, hakulia upesi, na ubongo ulikosa hewa. Wanganga huandika herufi tatu kwenye fishi yake, IMC, yaani ulemavu wa viungo unaotokana na ubongo kuumia. Haketi peke yake. Hasemi. Kumeza ni kazi. Tena ana kifafa. Ukitaka kujua mtoto mwenye mahitaji mengi ni nani, ni huyo: tatizo moja linamwita lingine, na kila moja lina mlango wake wa kwenda kupiga hodi.

Siku ya kwanza tulikwenda watatu. Tulikuwa tumevaa vizuri, na kitabu chenye picha mkononi. Tukakaa, tukaanza kueleza: usafi, chakula, chandarua, umuhimu wa kumpenda mtoto wako. Saa nzima. Mama yule alikuwa anachambua maharagi kwa mkono mmoja, mtoto amemlaza kwenye mapaja, anaitika tu, "ndiyo wamama, ndiyo". Tulipofunga kitabu akatuangalia akasema: "Mmemaliza? Aksanti. Basi mmoja wenu anishikie mtoto, nikaoge."

Tulikuwa tumekwenda kumfundisha kumpenda mtoto ambaye alikuwa hajamweka chini tangu asubuhi.

Alioga. Akakawia kidogo, tukasikia anaimba kule nyuma ya nyumba. Mwenzetu aliyemshika mtoto alijifunza siku hiyo, kwa mikono yake, jinsi mwili wake unavyokakamaa ghafla na kujirusha nyuma kama upinde, na jinsi unavyolegea ukimkunja magoti na kumsogeza kifuani. Hilo halikuwa kwenye kitabu chetu. Tangu siku ile tukiingia kwenye nyumba hatuketi kwanza. Tunanawa mikono, tunauliza: tushike nini?

Basi hilo ndilo jibu la kwanza kwa mama aliyetuuliza. Tunashika mtoto. Mama anaoga, anakwenda sokoni bila kukimbia, analala saa moja mchana, anakwenda kilioni kwa ndugu yake. Wengine wanaona ni kazi ndogo. Wajaribu asubuhi moja.

Jibu la pili ni chakula. Mtoto huyu alikuwa ameingia hospitalini mara tatu katika mwaka mmoja kwa ugonjwa wa mapafu, na kila mara nyumba iliuza kitu: redio, kisha godoro. Hakuna aliyeuliza anavyolishwa. Alikuwa analishwa na koko yake, amelazwa chali mapajani, kichwa nyuma, uji ukimiminwa, kwa sababu mtoto asiyemeza vizuri unaona njia rahisi ni kuuacha ushuke wenyewe. Lakini uji haujui njia. Mwingine unashuka tumboni, mwingine unaingia kwenye mapafu, na ule unaoingia kwenye mapafu ndio unaoleta kikohozi na homa na godoro kuuzwa.

Sasa nani atamwambia koko? Mzee aliyelea watoto tisa akuambie, kama alivyotuambia, "hivi ndivyo nilivyomlisha baba yake", utajibu nini? Sisi hatukujibu. Tulimsindikiza pamoja na mtoto hadi kwa kine, yule anayefundisha viungo, tukamwacha kine aseme mwenyewe, na aseme na koko, si na sisi. Akamwonyesha: mtoto awe ameketi wima, kichwa kisianguke nyuma, kidevu kielekee chini kidogo, uji uwe mzito kiasi, kijiko kidogo, nusu yake tu, ungoje ameze ndipo ulete kingine, na ukimaliza usimlaze, aendelee kukaa wima karibu nusu saa. Fundi seremala wa avenyu ile akatengeneza kiti cha mbao chenye pembe nyuma na mkanda wa kitambaa kifuani. Likelemba yetu ililipa mbao, fundi hakuchukua feza ya mkono wake. Leo ukimlisha mtoto huyu haraka, koko atakunyang'anya kijiko. Ametufokea sote, mmoja mmoja. Tunafurahi kufokewa. Tangu kiti kile, mapafu yamemrudisha hospitalini mara moja tu.

Tunapaswa pia kusema tulipokosea, maana anayetaka kujiunga nasi ajue kazi hii inaweza kufanywa vibaya na watu wenye moyo mzuri.

Tulikuwa na karatasi ya matembezi yenye vijisanduku. Kimoja kiliuliza: anakunywa dawa ya kifafa? Ndiyo, hapana. Mtoto huyu anapewa fenobarbitali kila jioni. Kwa majuma sita mfululizo tuliandika ndiyo. Tuliuliza, mama akasema ndiyo. Tena tuliiona pakiti kwenye rafu, pembeni ya taa. Tulichokuwa hatujui ni kwamba mahali anapoichukua dawa iliisha, akaambiwa arudi juma lijalo, akarudi, akaambiwa tena juma lijalo. Kwenye duka la dawa feza haikutosha. Basi akaanza kukata kidonge katikati ili kifike mbali. Halafu robo. Halafu akaacha, akabakiza vidonge 2 ndani ya pakiti kwa ajili ya siku mbaya. Hizo ndizo tulizokuwa tunaziona kwenye rafu.

Kwa nini hakutuambia? Tulimuuliza baadaye. Alisema: "Nyinyi mlikuwa mnaandika ndiyo kwa furaha sana."

Dawa hiyo haiachwi ghafla. Mwili uliozoea kuipata ukiikosa, kifafa kinaweza kurudi kikali kuliko zamani, na hicho ndicho kilichotokea, usiku wa Jumanne, mvua inanyesha. Degedege halikukatika. Hakuna motari anayepanda kilima kile usiku wa matope. Baba alimfunga mgongoni kwa kitenge, majirani wawili wakashika tochi mbele, wakateremka kwa miguu. Pale hospitalini muuguzi wa zamu aliuliza maswali ya haki: anakunywa dawa gani? Miligramu ngapi? Uzito wake? Mara ya mwisho lini? Baba hakujua. Mama anajua yote hayo lakini alikuwa amebaki na mtoto mchanga. Fishi moja iko kwa kine, nyingine kituo cha afya, nyingine ilikwenda na maji ya mvua mwaka juzi.

Mtoto alipona. Lakini kwa majuma mengi hakuweza kushikilia kichwa chake, kitu alichokuwa amejifunza kwa mwaka mzima, na alikuwa hatabasamu. Koko alimwita na kumwita. Wanachama waliotuona siku zile tukiwa wanyonge, sababu ndiyo hiyo.

Tulichoma karatasi zile za vijisanduku. Siku hizi hatuulizi kama anakunywa dawa. Tunasema, mama, lete vidonge tuvihesabu pamoja, tunavimwaga kwenye sahani, tunahesabu. Vikibaki vya siku 10, tunaanza kutafuta: kituo cha afya kwanza, kisha kwa jirani zoni nyingine, kisha kasha ya chama. Mama hatakiwi kutuficha kitu, na sisi hatutakiwi kumfanya aone aibu. Na kila nyumba ina daftari moja, kaye la kawaida lenye jalada la plastiki, linalosafiri na mtoto popote anapokwenda. Ukurasa wa kwanza una uzito, dawa, kipimo chake na saa yake, na namna ya kumlisha. Chini tunaandika yale ambayo hospitali haiulizi. Huyu anasema ndiyo kwa kuinua macho juu. Anaogopa mlango ukifungwa kwa kishindo. Ukitaka kumtuliza, msugue nyayo. Baba yake sasa anaweza kumsomea muuguzi ukurasa huo hata saa nane za usiku.

Kwa kuwa tumetaja degedege, na kwa kuwa bado tunaona vijiko vikiingizwa vinywani mwa watoto: usiweke kitu kinywani. Usimkandamize. Ondoa mawe na moto karibu yake, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke, na uangalie saa. Likipita dakika 5, au likikatika na kurudi kabla hajazinduka, mbio hospitalini. Na mate yale hayaambukizi. Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa kuruka mkojo, wala kwa kula sahani moja. Kuna nyumba ambamo mtoto ameungua kwa sababu alianguka motoni na watu wakaogopa kumgusa. Tafadhali.

Kuhusu maombi, tunaulizwa kila mara. Sisi wenyewe tunaomba, tena kwa sauti. Hatujamkataza mtu kuomba. Tunachokataa ni kumfunga mtoto chakula, au kumwambia mama aache dawa ili kuonyesha imani, au kunyoosha kidole kwamba mtoto ndiye mchawi wa nyumba. Hilo la mwisho si dhambi tu: sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Na tangu tarehe 3 Mei 2022 nchi ina sheria nyingine inayolinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Karatasi hizo zina uzito wake mbele ya chifu wa avenyu, tumeshajaribu.

Si wote tunaowatembelea wanafanana na huyu wa kilimani. Tuna 11 kwa sasa. Msichana mmoja ana damu ya SS, na taabu yake ni kinyume: ukimwona barabarani unasema ni mzima. Anacheka, anaruka kamba, kesho yake amelala analia mifupa. Jirani wanasema mvivu, mwalimu anasema anajifanya. Kwake kazi yetu ilikuwa shuleni zaidi kuliko nyumbani: kumwomba mwalimu amruhusu kunywa maji wakati wa somo, kutoka kukojoa bila kuinua mkono mara tatu, na kuvaa pulova hata kama si ya rangi ya shule, maana baridi na kukosa maji humwamshia maumivu. Mama yake tulimfundisha, kama sisi tulivyofundishwa na muuguzi, kupapasa chini ya mbavu za kushoto na kujua bandama likivimba ghafla. Likivimba, au ukiona homa, haingojwi asubuhi. Na tulikaa na baba yake pia, kwa sababu ukoo ulikuwa umeanza kusema damu mbaya imeletwa na mke. S inatoka pande zote mbili. Baba akibeba moja na mama akibeba moja, wao wenyewe wazima kabisa, basi katika kila mimba kuna uwezekano mmoja kati ya minne wa kuzaa mtoto wa SS. Baba alinyamaza muda mrefu. Halafu aliuliza kama na yeye anaweza kupapasa bandama. Anaweza.

Yuko mwingine ambaye hatumtembelei tena, kwa sababu alitutoka mwaka jana. Kichwa maji, na mambo mengine juu yake. Tulikwenda kilioni, tukapika, tukalala pale siku zote za matanga, kisha tukalifunga daftari lake tukaliweka kabatini. Miezi miwili baadaye mama yake alikutana na mmoja wetu soko ya Kadutu, kwenye sombe. Hakugomba. Aliuliza tu: "Kumbe mlikuwa mnakuja kwa mtoto peke yake?" Mwenzetu aliacha sombe pale pale akarudi nyumbani analia. Sasa tunakwenda kwake kila Alhamisi ya pili. Hatushiki mtu. Tunakunywa chai.

Turudi kwa wamama wanne tunaowatafuta, na kwa nini ni wanne.

Mvulana wa kilimani ana dada wa miaka 11. Mama akiwa sokoni na koko akiwa na maumivu ya mgongo, ni dada anayemshika. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini mikono ya huyu binti haikuwa bure. Alikuwa anakwenda shule siku 2 katika juma, akaambiwa anarudia darasa. Hakulalamika, na hilo lilitutisha zaidi. Tukapanga zamu: kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa sita mchana, mtu mmoja wa chama anakaa na mtoto, dada anakwenda shule. Jumatatu tunaye mama. Jumanne tunaye, na Alhamisi tunaye. Ijumaa jirani amekubali, yule aliyeshika tochi usiku ule. Jumatano hatuna. Na kuna nyumba nyingine tatu zenye dada kama huyo, ambazo bado hatujaanza.

Anayetaka aje Jumamosi baada ya mkutano, asubiri karibu na mlango. Hatuhitaji cheti. Hatuhitaji ujue kuandika sana, wenzako wataandika. Tunahitaji mtu asiyetangaza kisimani aliyoyaona ndani ya nyumba ya mwenzake, asiyepiga mtoto picha kwa simu, asiyemwahidi mama kwamba mtoto atatembea. Usiongeze dawa, usipunguze dawa, hata ukiombwa. Mtoto akiwa mzito kuliko mgongo wako, sema. Huyu wa Kadutu sasa ana kilo 15, na njia ya kwenda kwa kine ina utelezi. Baba yake ndiye anayembeba Jumamosi, na tungependa kuona wababa wengine kwenye njia ile. Majuma ya kwanza utakwenda na mmoja wetu, usiogope. Koko atakufundisha kijiko.

Hivi ndivyo daftari lilivyosema tulipolifunga juzi jioni: Alikula bakuli zima la uji wa masoso, kwa dakika 40. Hakukohoa. Degedege hakuna tangu tarehe 3. Ameinua macho mara mbili tulipomuuliza kama anataka kukaa nje. Vidonge vilivyobaki, 23. Dada amefanya mtihani wa hesabu. Jumatano, bado hakuna mtu.